Nakala Aliyoijua Rula

Umeme ulikatika ghafla, bila hata taa kupepesa, na Mama Mapacha akapiga ukelele kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Betri! Baba Mapacha, betri!"

Lakini ile betri ya akiba ya kompyuta ilikuwa imekufa tangu zamani. Iliachwa chini ya meza kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitupa, na watoto waliifanya kibao cha kuwekea miguu wakati wa kula. Kioo kikazima. Zahanati nzima iliyokuwa juu yake, na wodi yake ya wazazi, na kuta na milango na madirisha, ikatoweka. Mama Mapacha akabaki anaitazama sura yake mwenyewe kwenye kioo cheusi, mdomo wazi.

Mumewe alikuwa jikoni anamenya viazi. Watu walimwita Rula, jina alilolipata ujanani, enzi za kuchora ramani kwa mkono, kwa kuwa mstari wake ulinyooka hata bila kifaa. Siku hizi jina hilo lilikuwa limeanza kusahaulika. Muuza duka wa kona alikuwa ameshazoea kumwita "mume wa Mama Mapacha", kana kwamba mapacha wale walikuwa na mama tu.

"Nilikuwa ninasevu," mkewe akasema kutoka sebuleni. "Yaani kidole kiko pale pale, ninabonyeza, ndiyo ukakatika."

"Utarudi."

"Umeme utarudi, najua. Mchoro je?"

Umeme ulirudi kabla viazi havijaiva. Mama Mapacha aliwasha kompyuta huku midomo yake ikiomba bila sauti, akalibonyeza faili. Kikatokea kisanduku cha kijivu: faili limeharibika, haliwezi kufunguliwa. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena kwa upole zaidi, kama anayembembeleza mtoto aamke.

"Njoo uone, mwenzangu. Hebu njoo."

Rula alikuja akijifuta mikono kwenye suruali. Aliinama nyuma ya kiti, akasoma, na papo hapo akajua la kufanya. Ile programu ya kuchorea haimwamini mtu. Kila baada ya muda mfupi hujinakilia kazi kimyakimya na kuificha nakala hiyo kando, kwa jina la ajabu lisilosomeka. Kwa kawaida huificha kwenye folda ya vitu vya muda, na huko ndiko kila mtu huambiwa akatafute. Lakini Rula, alipoinunua kompyuta hii mikononi mwa mtu, aliona folda ile inajifuta hovyo. Akaiamuru programu iweke nakala zake kwingine, ndani kabisa ya mafaili ya kazi zake za zamani. Hakumwambia mkewe, wala hakuwa na sababu ya kumwambia. Siku hizo mkewe alikuwa anashona nguo za watu na hakujua hata kushika kipanya. Yeye Rula ndiye aliyekuja kumfundisha, mstari kwa mstari, ukuta kwa ukuta.

"Usiogope," alitaka kusema. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Simu ikalia. Mama Mapacha akaipokea kwa mikono miwili.

"Ndiyo, Mhandisi... Umenikuta pabaya, Mhandisi, nimeharibikiwa." Akasikiliza kwa muda. Mabega yake yakashuka, na sauti ikalainika namna ambayo Rula hakuwa ameisikia ndani ya nyumba ile kwa siku nyingi. "Asante. Hapana, kwa kweli asante. Maana wewe ndiye unayenipa moyo."

Wewe ndiye unayenipa moyo. Rula alilimeza lile neno lililokuwa kwenye meno, likashuka kooni kama mwiba wa samaki.

"Anasema tutafute, haliwezi kupotea lote," mkewe akamwambia alipokata simu. "Wewe unaonaje?"

"Limekwenda."

"Hakuna njia kabisa?"

"Ingekuwepo njia, nisingekuambia?"

Akarudi jikoni. Viazi vilikuwa vimeshika chini.

Mchoro ule ndio uliokuwa umeanza kuichanganya nyumba. Kazi yenyewe ilimjia Rula kwanza. Kampuni ya ujenzi ilimpa achore wodi ya wazazi kwenye kiwanja chenye mwinuko, mahali ambapo kitanda cha mgonjwa kinatakiwa kipande kutoka chini hadi juu bila kumwangusha aliyelala. Alichora, wakamrudishia. Akachora tena, wakamrudishia tena, safari hii bila hata maelezo, wino mwekundu tu umekatiza karatasi kutoka pembe hadi pembe. Mama Mapacha ndiye aliyeiokota karatasi ile mezani, akaigeuza juu chini, akasema, "Kwani lazima mteremko upite mbele? Si uzunguke ua." Alisema kama anayezungumzia pindo la gauni. Akakaa, akachora. Mhandisi alipouona mchoro aliuliza swali moja tu: "Nani kachora huu?"

Tangu hapo simu zilizoingia zilikuwa za mke. Michoro ikakamilika mmoja baada ya mwingine, na sasa kampuni ilikuwa inaungoja mchoro wa mwisho uende kwenye kikao cha wiki ile. Ukipita, Mama Mapacha angepata meza yake ofisini. Usipopita, kikao kilikuwa na mchoro wa kampuni nyingine tayari.

*

Kesho yake asubuhi Mama Mapacha alifuata kila alichokisoma kwenye simu. Alifungua folda ya vitu vya muda, akaikuta tupu kama sufuria ya jana. Alitafuta nakala ya akiba ambayo programu huiweka kando ya faili, nayo hakuiona. Hakujua kuwa mumewe aliizima zamani ili isijaze nafasi. Rula alipita nyuma yake, akapita tena, mara anafuata kiberiti, mara anafuata kikombe. Kila alipopita alijiambia: akiniuliza tena, nitasema. Lakini mkewe hakuuliza tena. Alikuwa ameshamwuliza, na alikuwa amemwamini.

Kabla ya chakula cha mchana gari likasimama nje. Mhandisi mwenyewe akaingia, anainamisha kichwa mlangoni. Rula alikuwa amejitengenezea mtu kichwani mwake kutokana na zile simu: kijana, mrefu, ananukia. Aliyeingia alikuwa mzee wa makamo mwenye kitambi, anapumua kwa shida, na cha kwanza alichoomba ni maji ya kumezea vidonge vya tumbo. Rula aliudhika. Angalau angekuwa na sura.

"Shemeji, habari za hapa?" Mhandisi akamsalimu. "Na wewe unajua-jua kompyuta kidogo?"

"Yeye ndiye mwalimu wangu," Mama Mapacha akadakia.

Mhandisi alicheka kwa heshima, akidhani ni mzaha wa mke kwa mumewe. Alipoona hakuna aliyecheka naye, akajikohoza.

"Mimi ndiye niliyeleta mchoro wa kwanza wa wodi," Rula akasema.

"Aa! Ule!" Mhandisi akasema, kisha akanyamaza. Akanywa maji. Akaisifu glasi. Rula angependa atukanwe kuliko kimya kile.

"Basi, mwalimu," Mhandisi akajaribu kupoza mambo, "wewe unasemaje? Kweli hakuna pa kuutafuta?"

Mama Mapacha akamgeukia mumewe. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa wazi, na hakukuwa na kitu ndani yake ila matumaini.

"Nimetafuta kila mahali," Rula akasema. "Hakuna."

"Haidhuru. Kesho nitamleta fundi wetu wa kompyuta aichukue mashine. Ataipekua. Akikosa, ataifuta yote aiweke upya, maana hii inaelekea kuwa na ugonjwa. Ofisini tutakuazima nyingine." Akasimama, akamtazama Mama Mapacha. "Bi Mchoraji, mimi nimeona zahanati nyingi. Sijaona aliyemfikiria mgonjwa amelala chali. Ukiweza kuurudia, urudie. Kikao hakingoji, lakini mimi nitakungoja kidogo."

Bi Mchoraji. Rula alimsindikiza mgeni hadi kwenye gari kwa adabu zote, akamfungia mlango wa gari kama utingo.

*

Mama yake Rula, ambaye aliishi nao na alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha ukumbini akisikiliza yote, alimshika mwanawe mkono alipokuwa anarudi ndani.

"Nimeshukuru," akasema kwa sauti ya chini.

"Umeshukuru nini, mama?"

"Hicho kidude kufa. Mungu si Athumani." Akatazama kule sebuleni, kisha akamvuta mwanawe karibu. "Mwanamke akishaitwa na magari, mume anabaki wa kufungua mlango. Si nimekuona sasa hivi? Sasa atatulia. Atarudi kwenye cherehani yake, na wewe utarudi kuwa baba wa nyumba. Mimi simchukii mkwe wangu, usinielewe vibaya. Ila kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu."

"Mama, tafadhali."

"Nasema lililo moyoni mwako, ndiyo maana linakuuma."

Na kweli lilimuuma. Kila neno alilolisema mama yake, Rula alikuwa ameshalisema mwenyewe, tangu jana, akiwa anapangusa sufuria iliyoungua. Lilipokuwa ndani yake lilikuwa na sura ya haki. Sasa lilipotoka kwenye kinywa cha mwingine, likanuka. Akauchomoa mkono wake mikononi mwa mama yake, akaingia ndani.

Sebuleni, Mama Mapacha alikuwa ameshuka sakafuni. Alikuwa ameutoa ule ubao mkubwa wa kuchorea wa mumewe kutoka uvunguni mwa kitanda, ameupangusa vumbi, amebandika karatasi.

"Njoo unisaidie," akasema. "Nikumbushe. Wewe una kichwa cha vipimo."

Rula akapiga magoti kando yake. Wakaanza. Chumba cha kujifungulia kilikuwa na upana huu, akasema. Ukuta wa kaskazini ulikuwa mnene kuliko huu mwingine. Hapa kulikuwa na beseni la kunawia. Mkewe alichora, yeye akamshikia rula. Yeye alichora, mkewe akafuta. Mkono wake Rula ulikumbuka kazi. Mstari ukatoka mmoja, mrefu, bila kutetemeka, na Mama Mapacha akasema, "Tazama! Mimi hata nikizaliwa upya siwezi hivyo," akamwegemea begani kidogo.

Na hapo ndipo Rula alipofurahi. Furaha ilimjaa tele, hadi akaogopa. Alikuwa anaulizwa tena. Ndani ya mchana mmoja alikuwa amerudishiwa alichokipoteza kwa mwaka mzima, na bei yake ilikuwa ni kunyamaza tu. Akajikuta anaomba mchoro wa kwenye kompyuta usipatikane kamwe, ili wakae hivi, magoti kwa magoti, siku zote.

Wakafika kwenye mteremko.

"Hapa tuupitishe hivi," Rula akasema, akachora haraka.

Mama Mapacha akatazama. "Hapana. Kitanda hakipindi hapo, kitagonga ukuta."

"Kitapinda."

"Hakipindi, Baba Mapacha. Nilishajaribu. Ulikuwa mviringo fulani hivi... nilianza na ule mlango..." Akafumba macho, vidole vyake vikizunguka hewani. "Nilikuwa nao. Jana nilikuwa nao kabisa. Sasa umenitoka."

"Kama ulikuwa mzuri kiasi hicho ungeukumbuka."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Mama Mapacha akafumbua macho, akamtazama kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni na hajui kama ni bahati mbaya. Mapacha waliingia kutoka shuleni wakigombania mkoba. Bibi yao akawanyamazisha kwa kidole. Mama yao akaweka penseli chini.

"Labda si riziki yangu," akasema taratibu. "Nimeshona nguo za watu tangu nikiwa msichana. Wanavaa, wanaondoka nazo, zinachakaa. Nilitaka nione kitu changu kimesimama mahali, nipite nje yake siku moja niseme, kile kimetoka kichwani kwangu. Basi. Sikutaka kubwa."

Akaenda kuwavua watoto sare. Rula akabaki amepiga magoti mbele ya mstari wake ulionyooka.

*

Asubuhi Mama Mapacha aliwapeleka watoto shule, kisha akapita kampuni kuomba aongezewe muda. Rula aliusikia mlango ukifungwa, akahesabu nyayo zake hadi zikapotea. Mama yake alikuwa uani anaanika nguo. Akavuta kiti, akawasha kompyuta.

Hakuwa ameamua lolote. Alijiambia anataka kuhakikisha tu kama ipo. Akaingia kwenye folda za zamani, moja ndani ya nyingine, majengo aliyoyachora ambayo mengine hayakujengwa, na mwisho kabisa akaliona: faili moja lenye jina refu la herufi na namba, na tarehe ya juzi. Akalibadilisha mwisho wa jina lake ili programu ilitambue. Akabonyeza.

Mchoro ukafunguka.

Alikuwa hajawahi kuutazama wote. Mkewe alipokuwa anaufanya, yeye alikuwa akipita nyuma yake na jicho la pembeni, akiona kipande hiki na kile, akijiambia ni kazi ya mwanafunzi. Sasa aliutazama kama mnunuzi anavyokagua kitambaa. Mteremko ulizunguka ua, ukapinda taratibu, mpindo ambao yeye asingeupata hata angepewa mwaka. Madirisha ya wodi yalikuwa chini kuliko kawaida. Akadhani ni kosa, akapima, kisha akaelewa. Yalikuwa kwenye usawa wa macho ya mwanamke aliyelala. Mama Mapacha aliwazaa mapacha wake katika chumba ambacho dirisha lake lilikuwa karibu na dari, na aliwahi kusema, mara moja tu, kwamba usiku kucha alikuwa hajui kama kumekucha.

Wivu ukampanda Rula hadi ukamziba masikio. Huo wa Mhandisi ulikuwa mchezo wa watoto mbele ya huu. Akaanza kutafuta kosa. Akasogeza mchoro huku na huku, akapima, akakuza, jasho likimtoka, na mwishowe akalipata: mlango wa chumba cha pili ulifungukia ndani, ukagonga kitanda. Alicheka peke yake. Kosa la mwanafunzi, hilo! Kisha akalisikia lile cheko lake ndani ya chumba kitupu, akakoma. Mwanamume mzima, amekaa anaufurahia mlango.

Kulikuwa na kitufe kimoja tu cha kufuta. Hakuna ambaye angejua. Fundi angekuja, asingeona kitu, angeifuta mashine yote, na mambo yangeishia hapo. Kidole chake kilikwenda juu ya kitufe hicho, kikakaa. Hatutasema hakutaka. Alitaka. Ila macho yake yalikuwa bado kwenye lile dirisha la chini, naye alikuwa fundi wa michoro. Hakuwahi katika maisha yake kubomoa kitu kilichojengwa vizuri.

Mlango ukabishwa. "Hodi! Nimetumwa na Mhandisi." Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mcheshi, amebeba mkoba mgongoni. Na nyuma yake, akihema kwa kupanda njia, Mama Mapacha, aliyekutana naye njiani.

Aliona kioo kabla hajamwona mumewe.

"Umeupata!" Akaangusha kibeti. "Umeupata! Mama! Mama, njoo, kaupata!" Akamkumbatia Rula shingoni kwa nguvu hadi kiti kikalia, akicheka na kulia pamoja. Mama mkwe akaingia na nguo mkononi, akatazama kioo, akatazama mwanawe, akatoka tena.

"Hongera, kaka," fundi akasema, naye akifurahi kweli. "Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa kabla sijafika. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye folda nyingine," Rula akasema.

"Nyingine ipi? Maana huwa zinakwenda mahali pamoja, labda mtu abadilishe kwa mkono wake." Fundi akainama, akatazama njia ya faili juu ya kioo. "Ahaa. Umeibadilisha wewe? Akili nzuri hiyo. Uliibadilisha lini?"

Rula akakishika kipanya, akakiachia.

"Itakuwa alipoinunua mashine hii, kabla mapacha hawajaanza shule," Mama Mapacha akajibu badala yake, kwa utaratibu, kama anayesoma maandishi ya mbali. Mikono yake ilikuwa bado shingoni mwa mumewe. Ikalegea. Ikatoka.

Mama Mapacha akamgeukia mgeni. Alimpa fundi kiti, akachemsha chai, akamwuliza habari za nyumbani kwake, akamwomba aangalie pia ile betri kama inafaa. Alimsindikiza. Akarudi, akafunga mlango.

*

"'Ingekuwepo njia, nisingekuambia?'" akasema.

"Mke wangu..."

"Nakukumbusha maneno yako. Nilikuuliza, ukanijibu hivyo. Alipokuja Mhandisi ukasema umetafuta kila mahali. Halafu jana ukakaa nami sakafuni mchana kutwa unanishikia rula." Sauti yake haikupanda. "Ulikuwa unajisikiaje, Baba Mapacha? Nataka kujua tu."

"Nilikuwa na wivu," Rula akasema. Alifikiri neno hilo litamfungulia mlango. "Yule mtu anakupigia simu, unamwambia anakupa moyo. Mwanamume gani asingeona wivu?"

"Wivu?" Mama Mapacha akatikisa kichwa. "Usinidanganye mara ya tatu. Ungekuwa na wivu juu yangu, ningekasirika, lakini pembeni kidogo ningefurahi. Ningejua bado unanitaka. Mtu mwenye wivu anaogopa kuibiwa. Wewe hukuogopa kuibiwa. Wewe ulitaka nisiwe nacho. Hicho si wivu. Hicho ni kijicho."

Rula aliketi.

"Na nani mwingine angenipa moyo?" mkewe akaendelea, na sasa sauti ikatikisika. "Nilikuwa nikimaliza ukuta nakuita, njoo uone, unasema umechoka. Nikimaliza dirisha nakuita. Unasema utaona kesho. Mtu wa kwanza kuniambia nimefanya vizuri ilibidi awe mzee wa vidonge vya tumbo. Nilitaka uwe wewe."

Nje, mama mkwe alikohoa, akahamisha kigoda chake mbali na dirisha.

Rula akasema, akiangalia sakafu, "Mlango wa chumba cha pili unafungukia kitandani."

Mama Mapacha alimtazama kwa muda mrefu, akijaribu kujua kama hilo lilikuwa jiwe au mkate. Akakaa kwenye kompyuta, akakuza mchoro, akapima. Ilikuwa kweli. Akaugeuza mlango ufungukie nje. Kisha akavuta kiti cha pili, akakiweka kando yake, si karibu sana.

"Kaa hapa. Nionyeshe kila mahali mashine hii inapoficha vitu. Vyote, usibakize."

Rula akakaa. Akamwonyesha.

*

Mchoro ulikwenda kwenye kikao, ukapita. Mama Mapacha akapewa meza, karibu na choo na mbali na dirisha, lakini meza. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni. Hakumfukuza mumewe, wala hakumwambia kaka zake, wala hakumnunia mbele ya watoto. Alipika, aliongea, alicheka panapochekesha. Ila alinunua flashi ndogo, akaitia kamba, akaivaa shingoni. Michoro yake yote ilikuwa humo. Alioga nayo, kaifunga kwa mfuko wa nailoni. Mapacha waliiita hirizi ya mama. Rula alicheka pamoja nao, na kila alipocheka kitu kilimkwaruza ndani.

Naye alipata vibarua: kuchora fremu za maduka, kusahihisha vipimo vya mafundi wa geti. Kijicho hakikumtoka siku moja, kama hadithi zinavyopenda. Siku nyingine mkewe aliporudi na habari njema, ilimbidi aende kwanza uani, avute pumzi, ndipo arudi aseme hongera. Lakini alirudi, akasema. Mwanzoni neno lilitoka limepinda. Kadiri siku zilivyokwenda likazidi kunyooka.

Asubuhi moja Mama Mapacha alichelewa. Mtoto mmoja alikuwa amepoteza kiatu, mwingine anaumwa jino, bibi yao anatoa amri kutoka kitandani. Aliondoka mbio. Rula aliporudi mezani kukusanya vikombe, akaiona flashi, kamba imekatika, imelala kando ya sahani ya mkate.

Akaishika. Kompyuta ilikuwa pale pale. Akasimama kwa muda ambao yeye mwenyewe asingependa kuutaja. Kisha akatoka mbio. Alipita dukani kwa muuza duka, akapita wanawake wa bombani, akakata uchochoro, na alipomwona mkewe mbele, mkoba begani, hakuwa na pumzi ya kuita. Akamfikia, akamnyooshea mkono.

Mama Mapacha akajipapasa shingoni. Akaichukua. Akamtazama usoni, kila pahali, kama anayekagua mchoro.

"Umeifungua?"

"Nilitaka," Rula akasema, kifua kikipanda na kushuka. "Sikuifungua."

Watu walikuwa wanapita, wengine wakigeuza vichwa. Mama Mapacha aliufunga ule uzi uliokatika, fundo moja, akaivaa flashi. Akanyoosha mkono, akamtoa mumewe kipande cha mkate kilichokuwa kimemnasa kwenye fulana.

"Humu kuna mchoro wa kituo cha afya cha ng'ambo," akasema. "Wodi ya watoto imenishinda. Jioni nitaufungua mezani, uje uutazame." Akainua mkoba. "Sasa rudi ukavae viatu, Baba Mapacha. Watu wanakuangalia."